Maji Yaliyobaki Ndani ya Mashine

Västerås, Uswidi
29 Septemba 2024

Kwa mdogo wangu Mwanakhamis,

Assalaamu alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Guangzhou, na biashara ya vitambaa inakwenda. Sisi huku hatujambo. Swalha ameingia sekondari ya juu mwezi uliopita na amenipita kimo. Mama yake, Dalila, anakusalimu. Mvua inanyesha tangu Jumatatu, ile ndogo ndogo isiyokuwa na faida.

Naandika kwa karatasi kwa sababu simu umenizuia tangu arubaini ya Baba, miaka miwili sasa, na kundi la ukoo nilijitoa mwenyewe. Anuani yako nimepewa na shangazi, baada ya kunihoji nusu saa. Sikulaumu kwa hilo la simu. Tuyaache.

Shida yangu ni hii. Nimenunua boti. Ni ya zamani, mita nane, na ina mashine ya ndani: dizeli, silinda mbili, rangi ya kijani, gurudumu zito kwa mbele. Inapozwa kwa maji ya ziwa, yanayovutwa kwa pampu, yakazunguka ndani, yakatoka pamoja na moshi. Watu wa hapa wanasema lazima iandaliwe kabla ya baridi, maana maji yakiganda ndani, chuma hupasuka. Lakini kila mmoja ana njia yake, na mafundi wana foleni mpaka Desemba.

Wewe ulikuwa ukikaa karakana na Baba. Mimi ni mwalimu wa hesabu. Nakuomba uniandikie hatua zote kwa namba, ya kwanza mpaka ya mwisho, nami nitazifuata.

Baridi ya kweli huanza katikati ya Novemba.

Nduguyo,
Burhani


Guangzhou
20 Oktoba 2024

Kwa Kaka Burhani,

Shikamoo. Barua yako imefika jana, imekaa njiani siku ishirini. Mimi mzima. Duka langu hapa Zhongda, soko la vitambaa, bado ni lile lile, ghorofa ya tatu, ila lifti ya mizigo imeharibika, na wabebaji wanapandisha marobota kwa mgongo huku wakitutukana sisi wapangaji kwa Kichina ambacho wanadhani hatukielewi. Oda ya lesi ya Darajani imeondoka wiki iliyopita. Msalimie Dalila. Swalha mwambie kimo si cheti.

Umesema nilikuwa "nikikaa" karakana. Karakana ya Baba ilikuwa na kiti kimoja tu, na aliyekikalia ni wewe, siku uliyotia saini kuiuza. Mimi niliona picha kwenye kundi la ukoo, pamoja na watu wengine arubaini na mbili. Sasa pale Funguni wanafulia mashuka ya hoteli. Tuyaache, kama ulivyosema.

Namba sikupi. Baba hakunipa namba. Soma taratibu.

Washa mashine mpaka ipate moto, mpaka ukiweka kiganja juu ya kichwa chake na kuhesabu, usifike tano. Ikiwa moto hivyo, mwaga oili na uweke mpya, na filta mpya. Oili ya zamani ina asidi, haifai kulala nayo. Tangi la dizeli lijaze pomoni, maana nafasi tupu hutoa jasho na jasho ni maji. Kisha chomoa mpira unaovuta maji, utumbukize kwenye ndoo yenye dawa ya kuzuia kuganda, uendeshe mashine mpaka dawa itoke kwa nyuma na moshi. Zima. Pampu ya maji ina feni ndogo ya mpira ndani: itoe, uiweke ndani ya nyumba. Betri nayo iende nyumbani. Upande wa kushoto wa mashine, chini kabisa, kuna nati ya shaba. Ifungue, kilichomo kimwagike.

Mimi sijawahi kuona maji yakiganda nje ya friji. Baba naye hakuwahi. Haya ya baridi nimeyauliza kwa watu, mengine ni akili tu. Lakini mashine hiyo naijua.

Mdogo wako,
Mwanakhamis


Västerås
18 Novemba 2024

Kwa mdogo wangu Mwanakhamis,

Assalaamu alaykum. Sijambo. Swalha hajambo, ana mtihani wa fizikia. Theluji ya kwanza imeanguka juzi ikayeyuka.

Kazi imekamilika. Boti ilipandishwa nchi kavu Oktoba, imekaa juu ya magogo na imefunikwa turubai, nami napanda kwa ngazi. Jumamosi niliiendesha kwa ndoo ya maji ya bomba. Nilifika nne, nikaondoa kiganja. Oili imetoka nyeusi kama lami, nikaweka mpya. Jumapili nikarudi nikainywesha dawa. Huku huiita glikoli, ni ya rangi ya waridi. Dakika mbili tu, waridi ikatoka kwa nyuma, ikapaka theluji. Mzee wa boti ya jirani alipiga makofi.

Nati ya shaba ya kushoto ilikataa. Niliisukuma mara tatu nikaona nisije nikaivunja. Lakini kwa kuwa waridi iliingia mbele na ikatoka nyuma, nimehesabu kwamba katikati kote ni waridi.

Baba angeshangaa kuniona na mikono ile.

Nduguyo,
Burhani


Guangzhou
11 Desemba 2024

Kwa Kaka Burhani,

Shikamoo. Mimi mzima. Barua hii naituma kwa posta ya haraka, na utaona kwa nini.

Yako imefika juzi. Nilipoisoma nilikufungulia simu nikakupigia. Namba haipo hewani. Nikapiga tena baada ya Isha, haipo hewani. Kwa hiyo naandika.

Jumapili ulipoinywesha dawa, mashine ilikuwa moto au baridi? Nadhani ilikuwa baridi. Mle ndani kuna kizibo kinachofunguka kwa joto tu, themostati. Mashine ikiwa baridi kizibo kimefungwa, na dawa inapita pembeni kwa njia ya mkato na kutoka nyuma, nzuri, ya waridi, na watu wanapiga makofi. Katikati haikufika. Katikati yamebaki yale maji ya bomba ya Jumamosi. Kosa ni langu. Nilikwambia uipashe moto kwa ajili ya oili, sikukwambia na kwa ajili ya dawa pia. Nilidhani utafanya yote siku moja.

Nilitaka kujua kama kweli maji yanapasua chuma au ni maneno ya watu. Nikanunua silinda moja kwa muuza vyuma chakavu, chuma kizito cha kusubu, nikaijaza maji, nikaiziba juu na chini, nikaipeleka kwa laoban mmoja wa samaki wa barafu. Tajiri yule ana chumba cha baridi kikubwa kuliko duka langu. Akaitazama.

"Huyu samaki gani?"

"Ni chuma. Kilale humu mpaka kesho."

"Mei you," akasema. Hamna nafasi. Na nafasi nilikuwa naiona kwa macho yangu.

Nikampa kitambaa cha meza cha mke wake, chenye maua. Nafasi ikapatikana.

Leo asubuhi nimekwenda kuichukua. Imepasuka toka juu mpaka chini, ufa mwembamba kama uzi, na barafu imetokeza kwenye ufa kama ulimi. Chuma ambacho ukikipiga nyundo kinakurudishia nyundo. Nimesimama mle ndani nikiitazama mpaka laoban akaniletea koti.

Sasa sikiliza. Usiiwashe. Kama barafu imo, ukiiwasha unaivunja pampu. Ifungue ile nati ya kushoto, leo. Itie mafuta ya kulainisha, igonge kidogo kwa nyundo, kisha spana. Na ikifunguka pasitoke kitu, usifurahi. Kutu na matope hukusanyika kwenye tundu lile yakaliziba. Kutotoka maji si ushahidi kwamba maji hamna. Chukua waya mgumu uchokonoe.

Bahasha yako ina anuani mpya: klabu ya boti, nafasi namba 41. Na katika barua Dalila hakunisalimu. Sikuulizi.

Mdogo wako,
Mwanakhamis


Västerås
22 Desemba 2024

Kwa mdogo wangu Mwanakhamis,

Assalaamu alaykum. Sijambo. Simu nimeikata kwa sababu sikuwa naitumia.

Barua yako ilifika Jumanne na mfanyakazi wa posta alipanda ngazi kuniletea. Hilo si kazi yake. Nje palikuwa hasi kumi na moja.

Nilifanya kama ulivyosema. Nati ilifunguka mara ya nane. Hakikutoka kitu. Sikufurahi. Nikachukua waya, nikachokonoa, waya ukagota. Nikamulika tochi. Ndani kulikuwa kweupe.

Nikapasha. Nilichemsha maji, nikatia kwenye chupa, nikazizungushia mashine na mataulo, na jiko nikaliweka karibu. Mzee wa jirani alikuja akatazama, akaenda, akarudi na blanketi la farasi. Yeye hana farasi. Baada ya saa nne likaanguka tone moja. Kisha jingine. Kisha yakaja kwa nguvu, mekundu kwa kutu, nikakinga kwa sufuria, ikajaa, nikamwaga, ikajaa nusu tena. Nilikuwa nimepiga magoti nikicheka peke yangu. Niliwahi kutatua milinganyo migumu maishani na sijawahi kucheka.

Nina swali. Jumanne ya nyuma yake, tarehe kumi, alfajiri, nilisikia mlio chini ya kitanda, tak, mara moja tu. Nilidhani ni ubao. Je, chuma kikipasuka hulia hivyo?

Jiko nimeliacha hapo hapo. Linasaidia.

Nduguyo,
Burhani


Guangzhou
5 Januari 2025

Kwa Kaka Burhani,

Shikamoo.

Yako imefika leo. Ndiyo, hulia hivyo.

Kitanda gani, Kaka? Mashine ya boti inakaaje chini ya kitanda chako?

Na jiko gani? Kama ni la mkaa au la mafuta, na uko chini ya turubai, na umeziba matundu kwa sababu ya baridi, na nakujua umeziba, basi litoe nje. Usilipunguze. Litoe. Moshi usioonekana hauna harufu wala haubishi hodi. Kule Funguni alikufa mtu namna hiyo ndani ya mashua akikausha rangi, na Baba ndiye aliyemtoa. Wewe ulikuwa chuoni.

Mashine ikipasuka ni chuma tu.

Mwanakhamis


Västerås
9 Februari 2025

Kwa mdogo wangu Mwanakhamis,

Assalaamu alaykum. Nakuandikia kutoka nyumbani, mezani. Swalha anakusalimu, na fizikia amefaulu. Dalila anakusalimu, na safari hii amenituma kweli. Zile salamu za Septemba nilizitunga.

Barua yako ya kunikataza jiko ilifika tarehe ishirini na saba Januari. Nilikuwa nimekwisha kukatazwa na madaktari wawili.

Tarehe tano ilikuwa Jumapili, hasi kumi na sita. Nilikuwa nasahihisha madaftari ya wanafunzi. Nilikuwa nimeziba matundu yote, moja kwa soksi. Kichwa kikaanza kuuma, nikadhani ni yale madaftari. Nikajilaza kidogo, saa sita mchana. Ninachokumbuka baada ya hapo ni turubai likichanwa, na Dalila ananivuta kwa kola huku akinitukana kwa Kidigo. Dalila hajanitukana kwa Kidigo tangu tuoane. Nikajua hali ni mbaya. Nililala hospitali siku tatu na kibomba cha hewa puani. Daktari alisema nusu saa zaidi ingetosha.

Nilimuuliza Dalila nani alimwambia aje. Akasema kuna mtu alimpigia simu akipiga kelele hata maneno hayasikiki, isipokuwa "jiko" na "boti" na "mpumbavu huyo". Halafu nikafikiri. Barua ya nati uliituma kwa posta ya haraka. Ya jiko, ambayo ni ya roho ya mtu, uliituma kwa posta ya kawaida. Mimi ni mwalimu wa hesabu.

Sasa nieleze nisilolieleza. Mwezi wa tano mwaka jana nilipita bandarini, na mzee mmoja akaiwasha boti yake. Nikausikia mlio ule. Ni mashine ya aina ile ile, Mwanakhamis, kama ile ya kijani iliyokuwa katikati ya karakana, uliyokuwa ukiipangusa kwa dizeli kila Alhamisi tangu una miaka tisa. Mimi nilikuwa nausikia mlio huo nikiwa barazani na vitabu vyangu, na nikiuchukia. Nilisimama pale mpaka yule mzee akaniuliza kama nataka kununua. Nikasema ndiyo. Dalila sikumuuliza. Alipojua, mwezi wa kumi, alisema, "Basi kalale huko huko kwenye boti." Alisema kwa hasira, mimi nikaenda kweli. Nilidhani nitamwonyesha. Sijui nilitaka kumwonyesha nini.

Hospitalini hakuna kazi, mtu anabaki na mambo yake. Boti sikumuuliza Dalila, na karakana sikukuuliza wewe. Ni kosa moja, nimelifanya mara mbili. Wewe uliifanyia kazi karakana ile miaka kumi na minane, na mimi nilikuwa tu mtoto wa kiume. Uliposema unaitaka, nilikujibu mwanamke na mashine wapi na wapi, mbele ya watu waliokuja kuhani. Haikuwa yangu kuiuza. Nisamehe. Sentensi hii nimeiandika mara tatu, mbili nimezichana.

Kuhusu mashine. Mzee wa jirani ameikagua yote. Bloku, mwili wa mashine, ni nzima. Kilichopasuka ni menifoldi, kile chuma cha ubavuni kinachokusanya moshi na kupozwa kwa maji. Ufa una urefu wa kiganja. Hazitengenezwi tena, na yeye anasema mashine hii ni ya kutupa. Sijaitupa. Nilitaka kukuuliza wewe kwanza.

Nduguyo,
Burhani


Guangzhou
2 Machi 2025

Kwa Kaka Burhani,

Shikamoo. Mimi mzima. Mwaka mpya wa Wachina umepita na mji umerudi. Wiki mbili nzima Zhongda ilikuwa imefungwa milango, unasikia viatu vyako mwenyewe kwenye korido, na mtu aliyekuwa akingoja barua hakuwa na pa kwenda wala wa kubishana naye bei. Mshukuru Dalila kwa niaba yangu. Swalha nimemwekea kitambaa cha bluu; nilimpima kwa kukisia, kwa hiyo nimeongeza nusu mita.

Huyo mtu aliyempigia Dalila akipiga kelele simjui. Mimi huwa sipigi kelele.

Nilisoma barua yako dukani, mteja kutoka Mombasa amesimama mbele yangu na jora mkononi. Aliniuliza bei mara mbili. Mara ya tatu akasema, "Mama, nirudi baadaye?" Nikamwambia arudi. Nikafunga mlango saa nne asubuhi, jambo ambalo sijalifanya tangu nifungue duka.

Umeniomba msamaha na nimekusikia. Jibu halijafika, Kaka. Nimekuwa na hasira hii miaka miwili, nimeizoea, imekuwa kama mpangaji; siwezi kumtoa kwa siku moja. Lakini notisi nimempa.

Na mimi nina langu. Menifoldi ina tundu lake la kutolea maji, dogo, kwa chini upande wa nyuma. Sikulitaja katika barua yangu ya kwanza. Nilijiambia nimesahau. Sikusahau. Niliandika, nikafika pale, nikasema moyoni, hili kila mtu wa nyumba yetu analijua, na kama yeye halijui basi ajue kwa nini halijui. Ilikuwa mstari mmoja tu wa kuandika. Ule mlio uliousikia alfajiri ni wangu.

Jingine ambalo hakuna anayelijua, hata shangazi. Tangu mwaka juzi, Jumatatu na Jumanne duka silifungui. Nakwenda kando ya mto, kwenye kiwanja cha kutengeneza boti za kubebea mchanga, nafanya kazi kwa mchomeleaji mmoja mzee. Mwanzo alisema "bu yao", hataki mwanamke. Nikamsikilizisha kosa la mashine moja ambayo watu wake walikuwa wameifungua mara tatu. Hakusema tena. Sasa ananiachia chuma cha kusubu nichomelee mwenyewe, na hicho si kila mtu anaachiwa. Unakipasha moto kwanza kipande kizima, unachomelea kidogo kidogo, ukipumzika, kisha unakizika kwenye jivu siku mbili kipoe polepole. Wenye haraka hukipasua mara ya pili.

Mashine hiyo si ya kutupa. Ifungue menifoldi, boliti sita. Ukikwama usilazimishe, tia mafuta ungoje mpaka kesho. Usiitume kwa kargo, wataiangusha. Ilete mwenyewe. Nimeambatanisha barua ya mwaliko kwa ajili ya viza, ina muhuri wa duka, wamezoea. Muulize Dalila kwanza. Kama naye anataka kuja, mwaliko wake ni ule wa pili.

Pale uwanja wa ndege wa Baiyun wakiiona kwenye mashine ya kukagulia watakuuliza ni nini. Waambie ni kipande cha mashine ya boti, unampelekea fundi. Nitakuwa mlangoni wanapotokea wageni.

Ina uzito wa kilo kumi na nane, kwa hiyo usibebe nguo. Nguo huku zipo.

Mdogo wako,
Mwanakhamis